Kuwasha au Kuamsha?

Konyeza aitwaye Aequorea victoria huelea katika maji ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Ndani yake Osamu Shimomura na wenzake walikuta protini ambayo ukiipiga mwanga wa buluu, hutoa wa kijani. Waliitaja mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba jeni ya protini hiyo ikipandikizwa katika mnyoo mdogo, seli za mnyoo nazo hutoa kijani, naye angali hai.

Jambo hilo huitwa floresensi, na neno hilo nalikubali. “Kung’aa” peke yake hakutoshi: sufuria iliyosuguliwa hung’aa kwa kuakisi mwanga, na kimulimuli hung’aa kwa mwanga anaoutengeneza mwenyewe. Kitu chenye floresensi hupokea mwanga wa rangi moja na kurudisha wa rangi nyingine, wenye nishati pungufu. Weka glasi ya maji ya toniki, yenye kwinini, chini ya taa ya urujuanimno wanayokagulia noti. Maji meupe yatageuka buluu mbele ya macho yako.

Penye utata ni hapa. Mwaka 2002, huko Marekani, George Patterson na Jennifer Lippincott-Schwartz walitengeneza aina ya protini hiyo ambayo mwanzoni karibu haionekani. Ipige kwanza mwanga wa urujuani. Kuanzia hapo mwanga wa buluu utaifanya ing’ae takribani mara 100 kuliko awali. Mtafiti humulika kona moja tu ya seli hai, kisha akafuata protini za kona ile kila ziendako, kama mchungaji amfuatavyo kwa macho ng’ombe mwenye chapa katikati ya kundi.

Tuseme zimefanywa nini? “Kuamilishwa” ni sahihi, ila msomaji haoni kitu. Wengi wataandika “kuwashwa”. Lakini kinachowashwa huzimwa, na hii haizimwi. Tena katika habari za konyeza, kuwasha ni kile anachoifanyia ngozi ya mvuvi! Mimi nasema zimeamshwa. Najua aliyeamka hulala tena. Protini hii hailali. Hukesha iking’aa mpaka mwanga wenyewe uiharibu, ipauke kama khanga iliyosahauliwa juani. Kupauka nako nakuchukua kuwa istilahi, maana ndicho kinachotokea.

Tofauti hii ina uzito. Mwaka 2006 Eric Betzig na wenzake waliamsha molekuli chache, wakapima kila moja ilipo, wakaziacha zipauke, wakaamsha nyingine, hivyo hivyo maelfu ya mara. Picha iliyojengwa nukta kwa nukta ilionyesha vitu vidogo kuliko nanomita 200, kiasi ambacho hadubini ya kawaida ya mwanga hukwama. Betzig alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014. Ukiandika “kuwasha na kuzima” hapo, msomaji atadhani ni molekuli zile zile zinazorudi, na siri yote ya mbinu hiyo itampita.

Zipo zinazorudi kweli. Dronpa, iliyotangazwa mwaka 2004, huwaka kwa urujuani na kuzimika kwa buluu, tena na tena. Nawaomba wafasiri na wahariri wa sayansi: Dronpa iwashwe na izimwe, ile ya 2002 iamshwe.