Droni za kujiundia (Tanga na pwani ya kaskazini)

Droni ya kujiundia ni chombo kidogo kisicho na rubani ndani yake, kinachoundwa na mtu binafsi kwa vipuri vya kununua na kuongozwa kwa rimoti kutoka chini. Wengi huanza na ya mota nne kwa sababu hupaa na kutua mahali padogo. Kwa mwambao wa Tanga, hata hivyo, ndege ya mabawa ina faida kubwa: hukaa angani muda mrefu zaidi kwa betri ileile, na mwili wake huchongwa kwa lile sponji jeupe gumu linalofungiwa friji na televisheni.

Mfano mzuri wa ndege hizo uko ng'ambo ya mkondo wa bahari, visiwani Zanzibar. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kwa msaada wa Benki ya Dunia, walipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege aina ya eBee kutoka Uswisi, zenye mwili wa sponji na zinazorushwa kwa mkono. Wanafunzi wa SUZA walifundishwa kuzirusha na kuzigeuza picha kuwa ramani. Kazi hiyo yatosha kuonyesha kwamba ufundi wa kurusha haumtaki mtu awe amesomea ng'ambo.

Kibali hutangulia vipuri. Kanuni za mwaka 2018 zinaziweka droni chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambako chombo husajiliwa, na idhini ya Wizara ya Ulinzi huhitajika pia. Kiwanja cha ndege cha Tanga kiko karibu na makazi, bandari nayo ina ulinzi wake, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani hairuhusiwi kurusha bila ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Viwanja vya shule na mashamba ya mkonge yaliyokatwa hufaa zaidi, mwenyewe akikubali.

Droni ya mota nne ina fremu, mota, mapanga yanayozungushwa na mota hizo, vidhibiti mwendo, betri, kipokea mawimbi na saketi ya kuongozea, ambayo hupima mwinamo wa chombo na kurekebisha kasi ya kila mota mara nyingi kwa sekunde. Programu za saketi hiyo, kama Betaflight na ArduPilot, hupatikana bure. Anayeweza kulehemu waya za redio anaweza kuunganisha vyote hivi. Asiyeweza akakae kwanza na fundi simu. Mota mbili zinazotazamana kwa mshazari huzunguka upande mmoja, mbili nyingine upande wa pili. Ili kuhakikisha, ng'oa mapanga yote, washa mota moja moja, kisha igusishe kipande cha karatasi uone kinasukumwa wapi. Mota ikienda kinyume, badilishanisha waya mbili kati ya zile tatu za mota hiyo. Kujaribu mota mezani huku mapanga yamefungwa ni kutafuta kukatwa vidole.

Betri za lithiamu ndizo za kuogopwa kuliko vyote. Kila seli hujaa kwa volti 4.2, droni hushushwa chini seli ikifika karibu 3.5, na betri huhifadhiwa seli zikiwa kwenye 3.8. Iliyovimba haichajiwi tena, na hakuna betri inayoachwa kwenye chaji usiku watu wamelala, kwani moto wake hauzimiki kirahisi.

Pwani ina maadui wawili, upepo na chumvi. Kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, na kaskazi hushika kuanzia Desemba. Anayejifunza hupata nafuu wakati wa maleleji, au alfajiri kabla upepo wa bahari haujaanza. Chumvi hula viungio vya saketi taratibu, kwa hiyo saketi hupakwa vanishi ya kuikinga, isipokuwa kwenye soketi na kipima kanieneo cha hewa. Droni iliyoanguka baharini hutolewa betri mara moja na kusuuzwa kwa maji baridi. Anayeanza Raskazone au Pangani na ajizoeze kwanza nchi kavu, upepo ukiwa nyuma ya chombo kinaporudi, siyo mbele yake.