Gavana Aliyekataa Kuiita Haki Huruma

Kila tarehe 1 Mei wafanyakazi wetu huandamana na mabango, wamevaa fulana mpya za vyama vyao, wakisubiri kusikia Rais atasema nini kuhusu mishahara. Tumeizoea Mei Mosi kiasi kwamba wachache huuliza ilianzia wapi. Ilianzia Chicago, jimbo la Illinois, Marekani, na nyuma yake kuna watu walionyongwa. Habari zao nimezisoma mara nyingi, lakini anayenikaa zaidi kichwani ni mwanasiasa aliyekuja baada yao: John Peter Altgeld, gavana wa Illinois kuanzia 1893 hadi 1897.

Altgeld alizaliwa Ujerumani Desemba 1847, akapelekwa Ohio angali mtoto mchanga. Akiwa na miaka 16 aliingia katika jeshi la Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baadaye alifundisha shule, akasomea sheria, na mwaka 1875 akahamia Chicago, ambako biashara ya viwanja na majengo ilimtajirisha. Mwaka 1884 alichapisha kitabu kidogo kilichodai kwamba mfumo wa adhabu unawasaga maskini na kuwarudisha mtaani wakiwa wabaya kuliko walivyoingia. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa jaji, na mwaka 1892 akashinda ugavana. Kwa kuwa alizaliwa nje ya nchi, katiba ilimfungia mlango wa urais. Ugavana ulikuwa karibu na kilele cha alichoweza kufikia.

Mezani kwake palikuwa na kesi ya Haymarket. Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma kudai siku ya kazi ya saa nane. Tarehe 3 polisi waliwafyatulia risasi wagomaji, wakaua. Kesho yake usiku, mkutano wa kulaani mauaji hayo ulipokuwa unakwisha, polisi walifika kuutawanya na mtu mmoja akarusha bomu. Polisi saba walikufa kutokana na vurugu za usiku ule, na raia pia. Aliyelirusha hajajulikana mpaka leo.

Wanaharakati wanane walishtakiwa, hasa kwa sababu ya maneno waliyokuwa wakiyasema na kuyaandika. Saba walihukumiwa kifo, wa nane miaka 15 jela. Novemba 1887 wanne walinyongwa. Mmoja alijiua seli siku moja kabla. Wawili walibadilishiwa adhabu na gavana wa wakati huo, ikawa kifungo cha maisha. Kwa hiyo Altgeld alipoapishwa, watatu walikuwa bado gerezani: Samuel Fielden, Michael Schwab na Oscar Neebe.

Hapa ndipo kisa kinaponivutia. Kuwaachia hao watatu hakukuwa jambo la ajabu. Maelfu ya watu walikuwa wamesaini ombi la kuwasamehe, wakiwemo matajiri wa mji. Hoja ya wengi wao ilikuwa kwamba adhabu imetosha. Altgeld angeweza kuandika mistari mitatu ya huruma, akapigiwa makofi, akaendelea na kazi.

Hakufanya hivyo. Alisoma majalada ya kesi kwa miezi kadhaa, na tarehe 26 Juni 1893 alitoa msamaha pamoja na maelezo marefu. Alisema wananchi walioketi kuamua kesi ile waliteuliwa ili watie watu hatiani. Alisema upande wa mashtaka haukuthibitisha uhusiano wowote kati ya washtakiwa na mrusha bomu. Alisema jaji alipendelea upande mmoja, na kwamba ukatili wa polisi ulikuwa umepanda chuki kabla ya bomu. Kwa maneno mengine, kama watu hawa hawakuwa na hatia, basi dola ilikuwa imewanyonga wenzao wanne bure.

Sisi tunaijua misamaha ya viongozi. Sikukuu za kitaifa zikifika, wafungwa huachiwa na kiongozi husifiwa kwa moyo wake. Msamaha wa namna hiyo unaweza kumwacha mfungwa na hatia yake na kumwongezea mtawala heshima. Wa Altgeld ulikwenda kinyume: uliwasafisha wafungwa na kuishtaki mahakama. Naamini ndiyo maana haukusameheka.

Magazeti yalimwita mgeni na rafiki wa wauaji. Mwaka uliofuata, wakati wa mgomo wa reli ulioanzia kwenye kiwanda cha Pullman, Rais Grover Cleveland alipeleka jeshi la shirikisho Chicago bila gavana kuomba. Altgeld alipinga, akisema jimbo lina askari wake na halijashindwa. Hakusikilizwa. Sheria aliyoisaini mwaka 1893, ya kuwawekea wanawake kikomo cha saa nane viwandani, ilibatilishwa kipengele hicho na mahakama kuu ya jimbo mwaka 1895. Mwaka 1896 alishindwa uchaguzi, na utajiri wake ukayeyuka.

Alifariki tarehe 12 Machi 1902 mjini Joliet, ambako gereza la jimbo liliwashikilia wale watatu, akiwa na miaka 54. Alianguka baada ya kuhutubia mkutano wa kuwatetea Waboer dhidi ya Uingereza. Msomaji wa Kiafrika hawezi kuipita habari hiyo bila kuuliza juu ya Waafrika ambao ardhi yao Waboer na Waingereza walikuwa wakiigombania. Altgeld hakuwa mtakatifu, na sina haja awe.

Ninachokihitaji kwake ni kile alichokifanya siku moja ya Juni: alipewa nafasi ya kuonekana mwema kwa gharama ndogo, akachagua kusema ukweli kwa gharama kubwa. Wafungwa wake walitoka gerezani wakiwa watu wasio na hatia, na hilo lisingewezekana kwa ile mistari mitatu ya huruma.