Masomo ya siasa ya kimataifa: somo la mwaka 1960

Wazazi wengi, hata walio kambini, wanauliza mtoto anayesoma uhusiano wa kimataifa atakula nini na siasa. Ni swali la haki, maana minervali inalipwa kwa jasho. Lakini historia ya nchi yetu ina jibu.

Wakati wa ukoloni, kwa miaka mingi mlango wa masomo ya juu kwa Mkongomani ulikuwa seminari. Chuo kikuu cha Lovanium, karibu na Léopoldville (leo Kinshasa), kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1956. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu, bila kuhesabu mapadri, hawakufika 30. Justin Bomboko, aliyesoma siasa Bruxelles, akawa waziri wetu wa kwanza wa mambo ya kigeni.

Upungufu huo ulionekana hata kabla ya uhuru. Meza ya Duara ya siasa, iliyofanyika Bruxelles mwezi wa Januari na Februari 1960, ilipanga tarehe ya uhuru. Meza ya uchumi ikafuata Aprili na Mei. Lakini viongozi wengi walikuwa nyumbani wakitafuta kura za mwezi wa Mei, wakatuma vijana, kati yao wanafunzi. Mbele yao walikaa Wabelgiji wazoefu, wanaojua hesabu zote za madeni na hisa za makampuni ya madini. Vijana wetu hawakukosa akili. Walinyimwa muda wa kujifunza mambo hayo. Ugomvi juu ya mali hiyo kati ya Kongo na Ubelgiji uliendelea hata baada ya Union Minière kutaifishwa.

Baadaye vyuo vilijaa, na utawala wa Mobutu ukaanza kuwaogopa wanafunzi. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Mwezi wa Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Mwaka huohuo vyuo vikuu viliunganishwa kuwa kimoja, na masomo ya siasa yakahamishiwa Lubumbashi, mbali na mji mkuu.

Tangu hapo vita vyetu vimejadiliwa Lusaka mwaka 1999, Pretoria mwaka 2002, kisha Nairobi, Luanda na Doha. Mwenye masomo haya anajua kulinganisha. Angola ilitia saini amani mwaka 1991, ikafanya uchaguzi mwaka 1992 kabla majeshi mawili hayajaunganishwa vizuri, tena wasimamizi wa Umoja wa Mataifa wakiwa wachache, vita vikarudi. Msumbiji ilitia saini mwaka 1992, ikapokea maelfu ya askari wa kulinda amani, ikangoja wapiganaji waweke silaha chini ndipo ikapiga kura mwaka 1994. Wakimbizi wake zaidi ya milioni moja walirudi makwao.

Kwa hiyo mkataba mpya ukisomwa redioni, tuulize kama Msumbiji ilivyotufundisha: nani atakusanya silaha, nani atasimamia, na kwa muda gani? Familia iliyokimbia shamba lake inahitaji mtu wa kwao anayejua kuuliza hayo mezani, kabla ya saini.