Nani Mwenye Kiini Macho?

Juni 2011, jijini London. Kijana mwembamba kutoka Bradford anashuka ukingoni mwa mto Thames, karibu na majengo ya Bunge, anaweka mguu juu ya maji na kuanza kutembea. Watu wamejazana wakimtazama, midomo wazi. Anafika mbali na ukingo, kisha mashua inamchukua. Jina lake Steven Frayne, ila stejini alijiita Dynamo, na kipindi chake cha televisheni kilikuwa karibu kuanza. Tangazo gani lingezidi hilo?

Lakini miaka mitano kabla ya hapo, Mmarekani Criss Angel alikuwa ametembea juu ya maji ya bwawa moja la kuogelea huko Las Vegas, waogeleaji wakiwa mle mle majini, kamera za kipindi chake cha Mindfreak zikimrekodi. Sasa, je, Dynamo alimwibia Angel?

Ukilifuata swali hilo nyuma, unakuta foleni ndefu. Mwaka wa 1966 huko Bombay, yogi mmoja alitangaza kwamba angetembea juu ya maji. Tiketi zikauzwa, umati ukaja, akapiga hatua ya kwanza na kuzama pale pale. Mwaka wa 1907, Charles Oldrieve alivaa viatu vya mbao vilivyofanana na mitumbwi midogo, akatembea kwenye mito ya Ohio na Mississippi kutoka Cincinnati hadi New Orleans kwa siku 40 hivi. Huyo hakumficha mtu chochote. Leonardo da Vinci alichora viatu vya aina hiyo zaidi ya miaka 400 kabla yake. Na kabla ya hao wote, kuna ile sura ya 14 ya Injili ya Mathayo ambayo wengi wetu tulisimuliwa tukiwa wadogo.

Kwa hivyo wazo lenyewe halina mwenyewe. Ni ndoto ya zamani sana, na inatuvutia kwa sababu mwili wetu hauwezi. Mwaka wa 1996, watafiti wawili waliochunguza mjusi anayekimbia juu ya maji walipiga hesabu ya binadamu pia: ungehitaji kukimbia mita 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Usain Bolt, akiwa kwenye kasi yake ya juu kabisa, alifika kama 44. Basi ukimwona mtu anatembea pole pole juu ya mto, jua kuna kitu kimemshikilia. Kazi yote ni kukificha kitu hicho, na kazi hiyo hufanywa na mtu mwenye jina, anayekesha akichora, akijenga, akijaribu na kuanza upya. Huyo ndiye wa kuulizia. Ana haki gani?

Njia ya kwanza ni hataza, yaani haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Horace Goldin aliijaribu. Mnamo Januari 1921, P. T. Selbit alimkata mwanamke kwa msumeno ndani ya sanduku kwenye ukumbi wa Finsbury Park Empire, London, na mwanamke akatoka mzima. Mwaka huo huo Goldin akaanza kufanya toleo lake Marekani, na Selbit alipovuka bahari kwenda kuonyesha la kwake, alimkuta mwenzake ameshateka soko. Mwaka wa 1923 Goldin akapata hataza.

Shida ni kwamba serikali haikupi hataza ya siri. Lazima ueleze kifaa chako kinavyofanya kazi, uchore na michoro, na karatasi hizo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Miaka ya 1930, kampuni ya tumbaku ya R. J. Reynolds ilitangaza sigara zake za Camel kwa kuanika siri za mazingaombwe, hilo la msumeno likiwemo. Goldin akaenda kortini. Mwaka wa 1938 akashindwa: siri gani, wakati wewe mwenyewe ulishaitoa hadharani? Karatasi iliyokusudiwa kumlinda ndiyo iliyomvua nguo.

Njia ya pili ni kunyamaza. Chama cha Magic Circle, kilichoanzishwa London mwaka wa 1905, kinaweza kumfukuza mwanachama anayetoa siri ovyo. Baina ya wanamazingaombwe, kuiga namba ya mwenzako bila kumwomba wala kumlipa ni aibu kubwa. Lakini aibu humshika anayetaka kubaki kwenye kundi. Aliye nje haimhusu.

Njia ya tatu ndiyo inayoshangaza. Teller, yule asiyesema wa kundi la Penn na Teller, ana namba inayoitwa Shadows. Kuna ua ndani ya chombo, na kivuli chake kinaonekana nyuma kwenye pazia. Teller anachukua kisu na kukikata kile kivuli, wala halisogelei ua. Kila anapokata kivuli, jani la ua la kweli linaanguka. Mwaka wa 1983 alilisajili onyesho hilo kama igizo. Mwaka wa 2012, msanii wa Ulaya aitwaye Gerard Dogge akaweka YouTube onyesho linalofanana nalo, akajitolea kuuza siri yake. Teller akamshtaki, na Machi 2014 mahakama ya Nevada ikampa Teller ushindi.

Jaji alikubali kwamba mazingaombwe peke yake hayalindwi na hakimiliki. Kinacholindwa ni igizo: mtu, ua, kisu, mpangilio wa matendo, jinsi hadhira inavyosafirishwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Na hata kama mbinu iliyofichwa nyuma ni tofauti kabisa, haisaidii, kwa sababu hadhira haioni mbinu. Kumbe sheria inalinda kile ambacho kila mtu amekiona, na siri inaachwa ijitetee yenyewe.

Pima sasa kesi ya Thames. Maji hayakuwa ya Angel, na kutembea hakukuwa kwake pia. Bwawa lenye waogeleaji ni onyesho moja, mto wa jiji chini ya Bunge ni lingine. Ukitaka kutembea juu ya Ziwa Naivasha kesho, hujamwibia yeyote kati yao. Ukiiga onyesho lote hatua kwa hatua, hiyo ni hadithi nyingine.

Hili si jambo la wanamazingaombwe peke yao. Nairobi imejaa watu wanaolalamika kwamba wazo lao la klipu, la skiti au la kipindi limeibiwa, na mara nyingi kweli wameumia. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inataka kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa kwenye umbo fulani. Wazo ulilolisimulia mkiwa kwenye chai bado ni maji tu, yeyote anaweza kuyachota.

Harry Houdini alilielewa hili miaka 100 na zaidi iliyopita. Alikuwa ametengeneza kasha la kioo lililojaa maji, ambamo angeshushwa kichwa chini, miguu imefungwa, kisha ajitoe. Hakuombea kasha lake hataza ili wezi wakalisome. Alilitungia igizo, na mnamo Aprili 1911, kwenye ukumbi mmoja wa Southampton, akaliigiza mbele ya mtazamaji mmoja tu, ili haki ya onyesho iwe yake kisheria. Umma ulingoja hadi mwaka uliofuata. Kufikia hapo, karatasi zilikuwa tayari zina jina lake.