Pale Waya wa Mtoa Huduma Unapoishia

Mwaka 1956 mahakama ya rufani ya mjini Washington ilitoa hukumu kuhusu kifaa kidogo kilichofanana na kikombe. Kiliitwa Hush-A-Phone. Mtu alikichomeka kwenye mkono wa simu ili azungumze bila jirani yake kusikia, na hakikuwa na waya wala umeme. Hata hivyo kampuni ya AT&T, iliyohodhi simu za Marekani, iliwakataza wateja kukitumia, ikidai kwamba kitu chochote kisicho chake kingeweza kuharibu huduma. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilikuwa imeikubali hoja hiyo mwaka 1955, mahakama ikaikataa. Miaka 12 baadaye, mwaka 1968, tume hiyohiyo ilimpa ushindi Thomas Carter wa Texas, mtengenezaji wa Carterfone, chombo kilichounganisha simu ya upepo na simu ya kawaida, ambacho alikuwa ameuza takriban 3,500. Kanuni iliyotokana na kesi hizo ni kwamba mteja ana haki ya kuunga kifaa chake kwenye mtandao maadamu hakidhuru wengine. Mabishano ya leo juu ya vifaa ambavyo wazazi hufunga nyumbani ili kusimamia intaneti ya watoto wao yametoka katika ukoo huo. Na historia yake, nikiisoma tangu mwanzo, inanionyesha kwamba mtoa huduma humsaidia mzazi zaidi anapokipa kifaa cha mzazi huyo nafasi ya kufanya kazi kuliko anapojitwika mwenyewe ulezi wa nyumba nzima.

Katikati ya miaka ya 1990 suala hili halikuwa gumu. Nyumba nyingi zilizokuwa na intaneti zilikuwa na kompyuta moja na modemu moja. Kampuni ya AOL ilimwezesha mzazi kumfungulia mtoto jina lake la kuingilia, lenye mipaka yake, na aliyetaka zaidi alinunua programu kama SurfWatch, Cyber Patrol au Net Nanny na kuiweka kwenye kompyuta hiyo. Bunge la Marekani lilijaribu njia ya jinai kwa sheria ya mwaka 1996, Mahakama ya Juu ikaibatilisha sehemu kubwa mwaka 1997. Sheria ya pili ikaja mwaka 1998, nayo ilipofika mahakamani, majaji waliandika mwaka 2004 kwamba vichujio vinavyowekwa na mzazi nyumbani vinabana uhuru wa watu wazima kidogo kuliko adhabu za serikali, na huenda vikafanya kazi vizuri zaidi. Ndani ya sheria hiyo ya 1998 kulikuwa na kifungu ambacho hakijapewa uzito kinaostahili: mtoa huduma anapofunga mkataba na mteja, lazima amjulishe kwamba zipo programu, vifaa na huduma za kuchuja zinazoweza kumsaidia. Wajibu ukaishia hapo. Mtoa huduma alitakiwa kutoa taarifa, lakini hakutakiwa kuhakikisha kwamba kifaa alichokitaja kitafanya kazi kwenye laini yake.

Upungufu huo ulijitokeza baada ya ruta kuingia sebuleni. Linksys ilitoa ruta yake mashuhuri, WRT54G, mwishoni mwa mwaka 2002. Miaka michache baadaye nyumba moja ilikuwa na kompyuta tatu, kisha simu, kisha runinga, kisha michezo ya watoto, vyote vikivuta kutoka kwenye kisanduku kimoja. Programu ya kwenye kompyuta moja haikutosha tena, na usimamizi ukahamia kwenye kisanduku. Kampuni ya OpenDNS, iliyoanza mwaka 2006, ilitumia mfumo wa DNS, ule unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya kuifikia: mzazi akielekeza ruta yake kwenye seva za kampuni hiyo, jina la tovuti asiyoitaka halipati namba yake halisi, na safari inakwama kabla ya kuanza. Mwaka 2010 ilitoa huduma ya bure ya familia, FamilyShield, iliyohitaji kubadilisha namba mbili tu. Kisha mwaka 2015 kikaja Circle, kisanduku cheupe kilichouzwa dola 99 kwa ushirikiano na Disney. Kilijiunga na Wi-Fi kama kifaa kingine chochote, kikavitangazia vifaa vya watoto kwamba chenyewe ndicho ruta, ili data zao zipite kwake kwanza. Ni ufundi uleule ambao mdukuzi hutumia kusikiliza mtandao wa watu. Mzazi alilazimika kuingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele, yaani ruta yenyewe, mara nyingi ulikuwa chini ya mtoa huduma, na baadhi ya ruta hizo hazimruhusu mteja hata kubadilisha namba za DNS.

Uingereza ilichagua njia tofauti, na kwangu ushahidi mzito zaidi unatoka huko. Mwezi Mei 2011 TalkTalk ilianzisha HomeSafe, kichujio kilichokaa ndani ya mtandao wa kampuni, kikikinga kila kifaa cha nyumba bila mteja kufunga chochote. Julai 2013 Waziri Mkuu David Cameron alitangaza makubaliano na kampuni nne kubwa, yaani BT, Sky, TalkTalk na Virgin Media, kwamba kila mteja mpya ataulizwa kama anataka kichujio, huku jibu la ndiyo likiwa limewekwa tayari. Mwaka uliofuata mdhibiti, Ofcom, alihesabu waliokubali miongoni mwa wateja wapya: Virgin Media asilimia 4, BT asilimia 5, Sky asilimia 8, TalkTalk asilimia 36. Makosa yalikuwa yameanza kuonekana mapema. Desemba 2013 BBC ilionyesha kwamba vichujio vilizuia tovuti za elimu ya uzazi na za msaada kwa waliobakwa. Januari 2014 kichujio cha Sky kiliifunga kwa makosa seva ya jQuery, maktaba ya programu inayotegemewa na tovuti nyingi mno, hivyo kurasa zisizo na ubaya wowote zikaharibika katika nyumba za wateja wake. Kosa la mzazi mmoja huishia sebuleni kwake. Kosa la mtoa huduma huingia nyumba zote kwa siku moja, na mteja aliyeathirika hawezi kulirekebisha kwenye chanzo chake.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba wazazi wengi hawajui DNS ni nini, kwamba mtoto wa mzazi asiyejua anastahili kinga sawa na mtoto wa fundi wa kompyuta. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Sky ilipoanza mwaka 2015 kuwawashia kichujio wateja wa zamani ambao hawakuwa wamechagua, matumizi yake yalipanda sana, jambo linalothibitisha kwamba ukimya wa wengi haukuwa kukataa. Kwa hiyo sisemi vichujio vya kampuni viondolewe. Nasema haviwezi kuwa badala. Kichujio kinachokaa kwenye laini huiona nyumba kama mtu mmoja: sheria inayomfaa mtoto wa miaka sita inamgusa kaka yake wa miaka kumi na sita anayetafuta jibu la swali la afya, na bibi yao pia. Umri, tabia na saa za kulala za kila mtoto hujulikana ndani ya nyumba. Hata sheria ilijikuta njia panda. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 ilimpa mteja haki ya kutumia kifaa akipendacho na kumkataza mtoa huduma kuzuia maudhui, ikabidi Uingereza iweke kifungu maalumu katika sheria yake ya mwaka 2017 ili vichujio vya kampuni viwe halali. Ujerumani, kwa upande wake, iliondoa kuanzia Agosti 2016 desturi ya kumlazimisha mteja kutumia ruta ya kampuni. Hapo Carter angeshangilia.

Hoja ya pili ni ya gharama: mtoa huduma hawezi kuwafundisha wahudumu wake kila kifaa kilichopo sokoni. Ni kweli, ila hakuna anayemtaka ajue kila chapa. Anachotakiwa ni kuiachia ruta ibadilishwe DNS, iwe na hali ya kupitisha tu ili ruta ya mteja ishike usukani, na mhudumu wa simu ajue kueleza hayo badala ya kumwambia mteja ang'oe kifaa chake. Mafundi wa vivinjari wameshaonyesha kwamba ushirikiano wa namna hii unawezekana. Mwaka 2018 kilitoka kiwango kinachokiwezesha kivinjari kusimba maulizo ya DNS, yaani kuyaficha yasisomwe njiani, hivyo kuvipita vichujio vinavyoyategemea, na mwaka 2019 chama cha watoa huduma cha Uingereza kilimteua Mozilla, mtengenezaji wa Firefox, kuwa adui wa intaneti wa mwaka, kabla ya kuufuta uteuzi huo kutokana na malalamiko. Lakini Mozilla aliweka ishara: mtandao ukijibu kwamba jina fulani maalumu halipo, Firefox haitawasha usimbaji huo yenyewe, ikichukulia kwamba pale pana kichujio. Ishara hiyo hutumiwa sawasawa na kampuni kubwa na mzazi mwenye kisanduku chake. Simu nazo zilianza kuficha anwani zao halisi kwenye Wi-Fi, Android mwaka 2019 na iPhone mwaka 2020, na vifaa vinavyomtambua mtoto kwa anwani ya simu yake vikapata kazi mpya ya kumtafuta. Mabadiliko kama haya hayatakoma, na mzazi hatayamudu peke yake.

Afrika Mashariki mtu anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini, ilhali watoto wengi hufikia intaneti kwa simu ya mzazi na bando la siku, ambako hakuna ruta wala sebule yenye waya. Ni pingamizi la kweli kwa leo, na kwa simu hizo kinga itabaki ndani ya simu yenyewe. Lakini faiba inaingia katika nyumba za Nairobi na Dar es Salaam, na kila nyumba inayounganishwa hupokea kisanduku chenye nywila ya usimamizi. Siku ya kufungiwa, kabla fundi hajakunja ngazi yake, mzazi na amwombe nywila hiyo, kisha amwombe amwonyeshe ukurasa wa kubadilishia DNS.