Haki za Wakaazi wa Nyumba za Wazee: Historia Fupi kutoka Marekani

Kazi ya ualimu hutuelekeza zaidi kuwafikiria watoto na vijana. Ni mara chache tunapokaa tukamfikiria mwalimu aliyekwisha kustaafu. Lakini historia tunayokusudia kuieleza katika makala haya yaanza na mwalimu wa namna hiyo. Katika miaka ya 1940, Bibi Ethel Percy Andrus, aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari mjini Los Angeles hadi alipostaafu mwaka 1944, alikwenda kumjulia hali mwalimu mwenzake mzee. Alimkuta akiishi katika banda la kuku, kwa kuwa pensheni yake haikumwezesha kupanga nyumba. Mwaka 1947 Bibi Andrus alianzisha chama cha taifa cha walimu wastaafu, na mwaka 1954 chama hicho kikapata makao ya wastaafu katika mji wa Ojai, California.

Wazee wengi wa nchi ile hawakupata bahati hiyo. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 ilikuwa imewapa wazee maskini msaada wa fedha, ila ilikataza msaada huo kulipwa kwa wale waliokaa katika nyumba za maskini za serikali. Nia ilikuwa njema, maana nyumba zile zilikuwa na sifa mbaya. Lakini wazee dhaifu hawakuwa na pa kwenda, wakaingia katika nyumba za watu binafsi waliowatunza kwa malipo. Mwaka 1965 serikali ilipoanza kugharimia matibabu ya wazee na ya maskini, biashara hiyo ilikua upesi, na usimamizi ukabaki nyuma. Mwezi wa Januari 1970 nyumba moja ya wazee katika mji wa Marietta, jimbo la Ohio, ilishika moto. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao kwa moshi wa zulia lililokuwa likiungua.

Mwezi wa Juni 1971 Rais Nixon alihutubia mkutano wa walimu wastaafu na wazee wengine mjini Chicago. Alilaani hadharani nyumba zilizogeuzwa kuwa ghala la kuwatupia watu wasiotakiwa. Katika mwaka uliofuata serikali yake ilianza jaribio katika majimbo matano: kumweka mtu ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko ya wakaazi na kuyafuatilia. Mtu huyo aliitwa ombudsman, neno la Kiswidi lenye maana ya mwakilishi. Waswidi walikuwa na cheo hicho tangu 1809. Fikira yenyewe haikuwa ngeni Afrika ya Mashariki. Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ili mwananchi aliyeonewa na mwenye madaraka apate pa kushtaki, na Tume hiyo ilifanya kazi hadi mwaka 2001 ilipochukuliwa nafasi yake na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Yafaa tujiulize kwa nini mzee aliyelala kitandani amhitaji mtetezi wa namna hiyo. Jibu ni kwamba yule amlalamikiaye ndiye amletaye chakula, ampaye dawa na amwinuaye kwenda msalani. Atamshtaki vipi mtu ambaye usiku uleule atamwita amgeuze ubavu? Kwa hiyo mtetezi hupewa ruhusa ya kuingia, huketi kando ya kitanda na kusikiliza, hutunza siri, wala hafanyi neno ila kwa ridhaa ya mwenye shida. Wengi wanaoifanya kazi hii ni watu wa kujitolea. Sheria ya mwaka 1978 ililazimisha kila jimbo kuwa na utaratibu huo.

Hata hivyo mtetezi peke yake hakutosha. Mwaka 1975 wakaazi katika jimbo la Colorado walifungua kesi iliyochukua miaka mingi. Hoja yao ilikuwa nyepesi: wakaguzi wa serikali walipofika, walichunguza zaidi karatasi na vifaa, wakapima kama nyumba yaweza kutoa huduma njema, badala ya kumtazama mkaazi kama ameipata. Mwaka 1984 mahakama ya rufani iliamua kwamba serikali inayotoa fedha ina wajibu wa kujua kama wakaazi wanatunzwa ipasavyo. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mahakama ile ilifikia maana iyo hiyo.

Mwaka huohuo wa 1975 Elma Holder, akisaidiwa na wenzake katika harakati za wazee zilizoongozwa na Maggie Kuhn, aliunganisha vikundi vya raia vilivyotaka nyumba hizo zitengenezwe. Muungano huo ulifanya jambo ambalo wakubwa hawakulifikiria: mwaka 1985 uliwauliza wakaazi wenyewe, zaidi ya 400 katika miji mbalimbali, utunzaji mwema ni upi. Walichokitaja mbele ya mengine ni watumishi wenye utu. Mwaka 1986 wataalamu wa Taasisi ya Tiba walitoa taarifa yao kuhusu hali ya nyumba hizo, na tarehe 22 Desemba 1987 Rais Reagan alitia sahihi sheria mpya.

Sheria hiyo yasema kwamba mkaazi ana haki ya kutofungwa kwa kamba au kulevywa kwa dawa ili watumishi wapate wepesi. Kumchagua daktari wake. Kutunza fedha zake. Kuwa na faragha. Kulalamika bila kulipiziwa kisasi. Na kuunda baraza pamoja na wenzake. Asihamishwe ovyo, na mtumishi amhudumiaye apate mafunzo ya saa 75 kwa uchache. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba kiasi cha wakaazi 4 katika kila 10 walikuwa wakifungwa vitandani au vitini. Baada ya miaka 20 hawakufika hata 1 katika 10.

Tusidhani kwamba mambo yalimalizika hapo. Mwezi wa Machi 2020, kwa hofu ya ugonjwa wa korona, milango ilifungwa, jamaa na watetezi wakazuiwa kuingia. Kabla ya mwaka kwisha, watu zaidi ya 100,000, wakaazi na watumishi, walikuwa wamekufa katika nyumba hizo. Ugonjwa uliua wengi. Lakini wapo waliodhoofika vyumbani pasipo jicho la kuwaona.

Katika nchi zetu wazee walio wengi hutunzwa na jamaa zao, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini nyumba za wazee zipo, za serikali na za mashirika ya dini. Itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, nayo inawataja wanaotunzwa katika makao hayo. Haki hizo zitakuwa na nguvu pale tu patakapokuwa na mtu wa kuingia na kusikiliza.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Sheria ya 1987 inaagiza kwamba mkaazi aelezwe haki zake kwa mdomo na kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa. Nasi tuanze na neno lenyewe. Twasikia mara nyingi wazee hao wakiitwa “wasiojiweza”, jina linalomtambulisha mtu kwa upungufu wake. Tukiwaita “wakaazi” tunakiri kwamba pale wanapokaa ni kwao, na mtu kwake ana kauli. Kuziandika haki zao kwa Kiswahili chepesi, na kwenda kuwasomea wale ambao macho yao yamechoka, ni kazi ambayo chama cha walimu chaweza kuianza bila kungoja fedha ya mtu.