Atelie ya matengenezo: mahali pa kujifunza kuaminiana

Atelie ya jumuiya ni mahali ambapo watu wa mtaa wanakutana siku iliyopangwa, kila mtu na kitu chake kilichoharibika, na mafundi wa kujitolea wanakitengeneza pamoja naye. Desturi hii imeenea tangu mwaka 2009, Martine Postma alipoanzisha Repair Café ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi. Kanuni yake kubwa ni hii: mwenye kitu haendi zake, anaketi karibu na fundi mpaka mwisho.

Kwetu Kongo kanuni hiyo ina uzito wa pekee. Wengi wetu tunaogopa kumwachia fundi redio au telefone, tukifikiri atatoa kipuri kizima na kuweka kilichochoka. Pale wenyeji wanapoishi na ndugu waliokimbia vita, woga unazidi, maana hatujui fundi ni mtoto wa nani. Mahubiri juu ya upendo ni mema, lakini woga huu unapungua kitu kinapofunguliwa mbele ya macho ya mwenyewe.

Mambo ya kufuata

1. Daftari. Tuandike jina la mtu, kitu alicholeta na shida yake. Mwenye kitu na fundi watie sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole.

2. Meza ya wazi. Kazi ifanyike hadharani. Kipuri kibovu kikitolewa, kirudishwe mkononi mwa mwenyewe.

3. Kazi ya wawili. Mwenye kitu asaidie. Gurudumu la chukudu ni la mbao, limevikwa mpira wa tairi kuukuu. Wakati wa kuubadilisha, mmoja anavuta mpira, mwingine anapiga misumari. Hata wasiojua lugha moja wanaelewana.

4. Feza. Kazi ni bure; vipuri analipa mwenyewe, na bei itajwe kabla ya kununua. Sanduku la matoleo lihesabiwe na watu wawili wasio wa jamaa moja, na hesabu ibandikwe mlangoni.

5. Mafundi wa mtaa. Wao wanalisha watoto kwa kazi hii. Waitwe kwanza, washauriwe juu ya siku, na kazi kubwa, kama motere ya masini ya kushona, ipelekwe kwao kwa malipo. Tusipofanya hivyo, atelie itazaa uadui.

6. Kushindwa. Fundi aseme wazi: «Hiki sikiwezi.» Anayesema hivyo leo ataaminiwa kesho atakaposema kitu kimepona.

Neno la mwisho

Nehemia sura ya 3 ni orodha ya watengenezaji: wafua dhahabu, watengeneza manukato, wafanyabiashara, Shalumu pamoja na binti zake. Kila mmoja ameandikwa pamoja na sehemu yake ya ukuta, na hata wakuu wa Tekoa waliokataa kazi hawakufichwa. Tuandike daftari letu vivyo hivyo, bila kuuliza kabila, na liwe wazi kwa kila mtu anayetaka kulisoma.